Bomba Jekundu Kwenye Gari la Maiti

Jumatatu, 3 Machi

Leo gari la maiti limepitwa na waombolezaji. Si utani. Kilima cha makaburini, gia ya kwanza, nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, na wafiwa waliokuwa wakitufuata kwa miguu wakaanza kutupita mmoja mmoja. Bibi mmoja mwenye mkongojo alichungulia dirishani, akaniuliza kama nimepatwa na jambo. Nikamjibu kwamba tunakwenda taratibu kwa heshima ya marehemu. Akasema heshima imezidi kipimo, akaendelea na safari yake.

Juu nikamkuta Msafi, kazi yake ameshaimaliza, anafuta kioo. Msafi ni dereva wa wale wauza majeneza wa mtaa wa pili. Gari jipya, refu, jeusi, halina hata mkwaruzo. Glavu nyeupe mikononi. Alinisalimia kwa upole, akaniuliza hali ya Mama. Upole wake ndio unaonichoma.

Sisi tuna gari la Baba. Alipokufa alituachia mimi na Dada duka la majeneza, gari hilo, na mwiko mmoja: gari la maiti lionekane, lisisikike. Dada anapokea wafiwa, anashona sponji na satini za ndani ya majeneza, anapiga pasi mapazia ya gari. Mimi naendesha. Dada husema mimi naendesha tu. Hiyo "tu" yake!

Jumanne, 4 Machi

Mama hajala tangu juzi. Daktari alishaturudisha nyumbani, akasema tumpe anachotaka. Hataki kitu. Amelala chumba cha nyuma ya duka, kitanda kimegusana na ukuta wa karakana. Nikamuuliza kama randa inamsumbua. Akasema ameolewa na hiyo randa.

Mchana akaniita, akanionyesha kwa kidole niinamishe sikio.

"Siku yangu ikifika, unipandishe wewe," akasema. "Kwa gari la baba yako. Sitaki kubebwa na mgeni."

Nikamwambia aachane na maneno hayo, atapona. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipodanganya kuhusu matokeo ya shule. Nikaahidi. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya mbao, nikalia mpaka pua ikaziba.

Halafu nikakumbuka kile kilima. Mama yangu apitwe na bibi wa mkongojo? Mbele ya Msafi? Haitatokea nikiwa hai. Gari linahitaji nguvu. Nimeanza kutafuta kwenye simu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma siku mbili. Sasa najua. Injini ni kama mtu, ikikosa hewa haipandi kilima. Tiba ni bomba jipya la kuvuta hewa. Kila anayeanza kulirembesha gari lake anaanzia hapo. Wengi wao wana miaka ishirini. Mimi nina arobaini na sita, nimechelewa kidogo.

Fundi amelitibu gari hili tangu enzi za Baba. Akafungua boksi la chujio la hewa. Ndani: vumbi, majani ya mashada ya maua, na kiota cha panya, mwenyewe hayupo. Akasema dawa ni rahisi, ninunue chujio la kawaida, niweke humo humo, gari litapanda. La kawaida! Nikamwonyesha picha kwenye simu, bomba linalong'aa kama sufuria mpya, mwisho wake chujio jekundu. Nikamweleza kwamba watu wanashindana mbio kwa mabomba hayo. Akaniuliza mimi nitashindana na nani, na abiria wangu ana haraka ya nini.

Fundi ni mzuri kwa breki. Kwa mawazo makubwa, hapana.

Jumamosi, 8 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji alitandaza aina tatu juu ya kaunta.

Ya kwanza ni chujio peke yake, linaingia kwenye boksi lile lile la zamani. Halionekani, halisikiki. Nikalisukuma pembeni. Ya pili ni bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa kutafuta hewa ya baridi. Nguvu ipo, lakini ukipita kwenye dimbwi linakunywa maji na injini inakufa. Njia ya makaburini ina madimbwi saba, nayajua moja moja. Ya tatu ni bomba fupi, chujio jekundu linakaa wazi chini ya boneti. Muuzaji, mkweli kupita kiasi kwa mfanyabiashara, akasema hili lina kelele, na gari likienda polepole linavuta joto la injini yenyewe, kwa hiyo linamfaa mwenye kukimbia. Akauliza langu linabeba nini. Nikasema familia. Si uongo.

Nimechukua fupi. Kwa sababu ya rangi. Naandika hapa kwa kuwa Dada hasomi daftari hili.

Jumapili, 9 Machi

Dada alikwenda kumtafutia Mama dawa ya maumivu. Nikapeleka gari kwa Fundi mbio. Alifunga bomba, uso kama anayemvisha punda viatu. Boksi la Baba, na kiota chake, nikampa mwokota plastiki aliyekuwa akipita. Fundi akauliza nikilitaka tena je. Nikamwambia silitaki tena.

Nikawasha. Salaale! Gari la Baba lilivuta pumzi, likanguruma mpaka vinyweleo vikanisimama. Nilipopita chini ya dirisha la Mama nikakanyaga mafuta kidogo, makusudi. Baadaye akaniambia gari lina kikohozi cha baba yako. Akatabasamu. Wiki ya tatu hajatabasamu. Basi, nani mwenye makosa hapo?

Jumanne, 11 Machi

Leo tumempandisha mwalimu mkuu mstaafu. Hakuna aliyetupita! Kweli, nasi hatukumpita mtu, lakini bibi yeyote mwenye mkongojo angelazimika kutoka jasho. Nilimtafuta Msafi kwa macho ili aone. Hakuwepo. Siku ninayomtaka hayupo.

Kasoro moja. Familia iliomba dakika ya kimya pale langoni. Betri ni dhaifu, sikuthubutu kuzima injini. Dakika nzima bomba likavuta hewa, likavuta hewa. Mjane akamuuliza Dada ni nani anayekoroma. Kaka wa marehemu akasema afadhali wangeleta mkokoteni.

Tulipofika nyumbani Dada akasema nirudishe boksi la Baba, la sivyo atalitoa yeye kwa nyundo. Nikasema sawa.

La Baba liko wapi sasa? Labda limeshakuwa ndoo.

Jumatano, 12 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Rafuni kulikuwa na kipande cha sponji ya jeneza, unene wa vidole vinne, na mabaki ya satini nyeupe. Nikalifunika chujio lote kwa sponji, nikaliviringishia satini, nikafunga kwa utepe. Nikawasha. Kimya! Hata mimi nilishuka kuhakikisha kama limewaka.

Dada akatoka, akasikiliza. Akasema asante, leo umenisikia. Maneno hayo sijayapata kwake tangu utotoni. Nusura nimwambie ukweli. Nikaona nisiiharibu furaha yake.

Gari linavuta kwa uzito kidogo. Litazoea.

Alhamisi, 13 Machi

Mama amefariki leo saa nne asubuhi. Dada upande mmoja, mimi upande mmoja. Alivuta pumzi, tukangoja nyingine, haikuja. Sijui niandike nini. Mikono yake ilikaa na joto muda mrefu.

Mbao zake nimezipiga randa mwenyewe, zile bora kuliko zote. Dada alikaa kushona ya ndani, hakutaka kusaidiwa. Kisha akaniita. Sponji haitoshi. Kuna kipande kilikuwa rafuni, alikipima mwenyewe wiki iliyopita, kimekwenda wapi? Nikasema panya. Akaitazama rafu. Hakuna panya anayekula sponji akazoa na makombo. Alikunja shali lake, akalitandika miguuni pa Mama, pale sponji ilipoishia.

Ningeweza kusema. Kilikuwa hatua kumi tu, nje pale. Lakini kilikuwa kimeshalowa mafuta ya injini, na ningekuwa nimeongeza aibu juu ya msiba.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilitaka kuitoa ile sponji. Lakini Dada angesikia ngurumo, siku ya leo, tena amekaa kiti cha mbele. Nikaiacha. Tuliondoka vizuri. Watu wengi, wote kwa miguu nyuma yetu, wajomba wametangulia mstari. Hakuna aliyesikia gari. Baba angefurahi.

Katikati ya kilima likaanza kupungukiwa na pumzi. Nikakanyaga. Likatetemeka. Nikakanyaga zaidi, likazima. Nikawasha, likazima tena. Likaanza kurudi nyuma na Mama ndani. Nikavuta breki ya mkono, mjomba mmoja akaweka jiwe nyuma ya tairi.

Nilipofungua boneti niliona papo hapo. Sponji ilikuwa imefyonzwa mpaka imenata kwenye chujio, haipitishi hata unyoya wa hewa. Ilikuwa ni kuing'oa tu. Kuhesabu mpaka tano! Lakini Dada alikuwa anakuja, na satini ile ni ile ile aliyoishona jana ndani ya jeneza. Nikaishusha boneti nusu, nikaziba kwa mwili wangu. Nikasema ni betri.

Msafi alikuwa juu, amemaliza kazi yake, akatuona. Akashuka na gari lake kinyumenyume, polepole, mpaka mbele yetu. Akavua glavu, akazitia mfukoni, akashika jeneza kwa mikono mitupu pamoja na wajomba. Nilimwona ameliegemeza begani kwake, wakilihamishia kwenye gari lake. Mama yangu, begani kwa Msafi. Na mimi nimeshika boneti.

Dada akanigusa mkono.

"Acha gari," akasema. "Njoo tumzike Mama."

Nikamwambia watangulie, nakuja, dakika moja tu. Akawafuata.

Nikangoja mpaka mgongo wa mwisho ukapotea kwenye kona, nikangoja tena mpaka sauti zao zikapotea. Nikaing'oa sponji, nikaitupa mtaroni. Gari likawaka mara moja, nikalingurumisha pale pale, muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nikapanda kilima kwa gia ya pili. Gia ya pili! Tangu Baba afe halijawahi. Nilitaka sana mtu aone.

Nilipofika langoni, watu walikuwa wanasawazisha udongo kwa koleo. Sikuona akishushwa.

Jioni Dada aliingia jikoni, akakaa bila kuvua viatu. Nikaanza kueleza habari za betri. Akasema wakati ule nilipobaki na gari ndipo walipokuwa wanamshusha, na watu wote walikuwa wamenyamaza.

"Tulikusikia," akasema.

Nikasubiri anigombeze. Ningefurahi angenigombeza.

Jumanne, 18 Machi

Dada haongei nami. Chakula ananiwekea, amekifunika, anaondoka. Funguo za gari amezichukua. Za akiba ninazo. Kazi za wiki hii amemwomba Msafi atusaidie, na Msafi amekubali, kwa upole wake ule ule.

Kitanda cha Mama bado kipo kama kilivyokuwa. Nikipiga randa natulia kidogo kusikiliza kama ataniita. Jana nilifanya hivyo mara nne.

Nimekaa na jambo hili siku nne, nimelipima kama mtu mzima, na sasa nimeona kosa lilipo. Kosa si bomba. Kosa ni sponji, ilikuwa nene mno. Ya kidole kimoja ingetosha. Fundi alikuja kutoa pole, akasema ana boksi la chujio la gari bovu kama letu, atanipa bure, anifungie leo leo, yaishe. Nikamshukuru, nikakataa. Kurudi nyuma sasa ni kukubali kwamba Mama alizikwa vile kwa ujinga.

Tena kuna jambo ambalo hata yeye Fundi hakuliwaza. Mtu akivuta pumzi lazima aitoe. Tumeshughulikia kuvuta, hatujashughulikia kutoa! Bomba la nyuma la kutolea moshi, ekzosi, bado ni la Baba, jembamba kama bua. Nimerudi kwa muuzaji. Anayo moja pana, mdomo unang'aa. Aliniuliza familia haijambo. Nikamwambia imepungua kidogo. Ekzosi nimeshaiagiza.

Mwezi ujao tunaweka jiwe kwenye kaburi. Nimemsikia Dada akiwaambia wajomba kwamba yeye atakwenda kwa miguu. Sawa. Mimi nitalipandisha jiwe kwa gari la Baba, gia ya pili, bila kusimama, na Mama atanisikia tangu chini kabisa nikija.