Jozi Sitini na Nne za Vizibo vya Masikio

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya siku! Meneja ameniita ofisini kwake, mimi na muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Tumekalishwa kwenye viti viwili vya aina moja. Cha Muuguzi kilikuwa na mto. Nimeona.

Habari yenyewe: mkaguzi alipita wiki jana akasema karakana yetu ya misumari inaua masikio. Mashine kumi na mbili zinakata waya kutwa nzima. Na vizibo vya zamani, vile visivyo na kamba, vimetuaibisha. Mteja mmoja alifungua kasha la misumari ya inchi tatu akakuta kizibo ndani, kimeshatumika, na nta yake. Sasa Meneja anataka vya sponji, vya kuvaa na kutupa, vyenye kamba inayounganisha viwili, ili kikichomoka sikioni kining'inie shingoni badala ya kusafiri kwa mteja. Mimi na Muuguzi tuvichague. Ijumaa mkaguzi anarudi. Kati yetu, yule ambaye kazi yake itaonekana ndiye atakuwa Msimamizi wa Usalama.

Msimamizi wa Usalama! Kofia nyeupe. Ofisi ya ghorofani, na dirisha. Nimetunza stoo miaka kumi na minne na stoo haina dirisha. Ina ukuta, na nyuma ya ukuta ipo mashine nambari moja. Cheo hiki ni changu. Nimeapa.

Muuguzi ameuliza kelele ni desibeli ngapi. Nimemjibu ni nyingi. Meneja akatikisa kichwa. Nimeamua alikuwa ananiunga mkono.

Jumanne, 4 Juni

Sampuli zimefika, aina nne. Kila pakiti imeandikwa namba ya kelele inayopunguza: 22, 25, 33, 37. Kazi imekwisha! Thelathini na saba. Sijui kwa nini mambo haya huitiwa vikao.

Muuguzi ameazima kipima kelele na kuzunguka nacho karakanani asubuhi nzima, mashine kwa mashine, anaandika. Tisini na nane, anasema. Anasema pia mtu akizibwa kupita kiasi hasikii honi ya foklifti inayobeba makasha wala mwenzake akimwita, basi ama ataumia, ama atavichomoa. Yeye anataka zile za 25, tena za saizi mbili, kwa kuwa matundu ya masikio ya watu hayafanani. Nikamuuliza, dada yangu, umewahi kumsikia mtu analalamika kwamba mwavuli umezuia mvua nyingi mno? Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja bila!

Jioni nimevijaribu nyumbani. Maelekezo marefu. Eti uviringishe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, uvute sikio juu kwa mkono wa pili, ukitie, ukishikilie mpaka kivimbe. Maelekezo ya watu wasio na kazi. Mimi nimevisukuma tu. Mke wangu, ambaye alikuwa anapiga pasi, akauliza vinafanyaje. Nikasema sisikii kitu. Akauliza kama sisikii kitu, nimemjibuje. Hapo kizibo cha kulia kikachomoka na kutumbukia kwenye chai yangu. Nikakivuta kwa kamba. Kwa hiyo kamba ni imara, na hilo nimeliandika kwenye ripoti.

Hitimisho: vizibo ni safi. Tatizo ni sauti ya mke wangu, inapenya.

Jumatano, 5 Juni

Nimemuwahi! Mwenye funguo za stoo ndiye mwenye kitabu cha kuagizia. Oda ya 37 ilikwenda jana, Muuguzi bado ana kipima kelele mkononi. Leo saa mbili mzigo upo mezani kwangu.

Na nimechagua kamba ya rangi ya chungwa. Kwa makusudi. Kamba za Muuguzi ni za kijani, na sare zetu ni za kijani. Yangu inaonekana kutoka ghorofani bila hata miwani. Meneja atasimama dirishani na kuona kazi ya mikono yangu shingoni kwa kila mtu. Huu ndio uongozi.

Muuguzi anafundisha mmoja mmoja kwa sampuli zake. Anawaviringishia, anawavutia sikio juu, anahesabu mpaka thelathini, halafu anasimama nyuma yao na kuwaita kwa majina. Mpaka saa sita kamaliza watu kumi na mmoja. Mimi nilipanda juu ya kasha nikagawa jozi sitini na nne kwa dakika arobaini, na hotuba juu. Mashine zilikuwa zinaendelea kwa hiyo hotuba haikusikika, lakini niliona watu wanatabasamu. Hao kumi na mmoja wake nao wamo humo humo, nimewabadilishia. Vya kijani nimevifungia kabatini.

Baadaye akaja stoo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule wa mashine nambari nne. Kwa adabu zote. Akasema shemeji, hivi vinaniuma, masikio yangu madogo, nigawie vile vidogo vya Muuguzi. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamwambia sikio huzoea, kama mguu unavyozoea kiatu kipya. Nikamkumbusha ni nani aliyempeleka kwa Meneja akapata kazi. Akasema sawa shemeji, kwa heshima yako. Akaviviringisha alivyofundishwa na Muuguzi, akavisokomeza mpaka ndani, machozi yakamtoka. Yule ni mtu mwema. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa chai.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi. Nimehesabu kutoka ngazi za ghorofani. Kamba sitini na nne kati ya sitini na nne! Nimehesabu mara mbili. Meneja akapita, nikamwonyesha, akasema vizuri sana. Nimepima kwa hatua ofisi ya dirisha. Meza itakaa kushoto.

Mchana. Muuguzi ni mtu wa fitina. Ameshuka chini na kuangalia masikio yenyewe. Nani aliyemwambia aangalie masikio? Anadai kamba zipo shingoni, vizibo vipo mfukoni. Vingine vimetumbukizwa ndani ya shati. Mzee wa mashine nambari tisa amekata vizibo kwa mkasi akabaki na kamba tupu, kwa sababu, alisema, mtunza stoo anachohesabu ni kamba. Mwingine amefungia bakuli lake la chakula. Waliovivaa sawasawa ni wanne, na wote wanne ni wanafunzi wa Muuguzi. Nimemwambia wanne ni mwanzo mzuri.

Alasiri. Mmoja wa hao wanne alikuwa shemeji yangu. Aliinama kuokota waya, foklifti ikaja nyuma yake na makasha sita. Dereva kapiga honi. Kapiga tena. Watu wakapiga kelele. Shemeji hakusikia honi, hakusikia watu, kainama tu kwa utulivu. Dereva akakata kona ghafla, makasha yakamwagika, misumari ya inchi tano sakafu nzima, na kasha moja likamgonga goti. Goti limevimba. Halikuvunjika. Nilikimbia, sijui nilipiga magoti saa ngapi kwenye ile misumari. Nilimshika mkono nikawa nasema pole, pole, naye ananitazama midomo tu. Muuguzi ndiye aliyekumbuka kumvua vizibo.

Niliogopa. Niseme ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema mdogo wake alinisikiliza mimi, na mimi sikumsikiliza mtu. Halafu akasema sikio la kufa halisikii dawa, akazima taa ya sebuleni mimi bado nimekaa.

Nimekaa nikafikiri sana gizani. Kosa liko wapi? Vizibo vilifanya kazi. Tena vilifanya kazi kikamilifu. Kosa ni la honi. Honi ni ndogo!

Ijumaa, 7 Juni

Nimefika kabla ya wote. Stoo kuna honi ya lori, imekaa rafu ya chini tangu niajiriwe. Fundi umeme aliniuliza kama Meneja anajua. Nikamwambia Meneja anataka usalama. Akaifunga kwenye foklifti kwa dakika ishirini. Sasa hata mwenye vizibo vya 37 atasikia. Tatizo limetatuliwa kisayansi. Muuguzi hakuwa na la kusema kwa kuwa sikumwambia.

Saa nne mkaguzi akaingia karakanani, na Meneja, kila mmoja na kipande chake cha karatasi. Nikasimama mbele, kifua nje. Mkaguzi akaniomba nionyeshe jinsi ya kuvaa. Mimi! Nikasukuma cha kushoto, nikasukuma cha kulia. Cha kushoto kikatoka. Nikakirudisha, kikatoka cha kulia. Watu wakaanza kucheka kwa heshima, yaani wakitazama chini. Mkaguzi akamgeukia shemeji, ambaye amekuja kazini anachechemea na masikioni ana vile vidogo vya Muuguzi. Alivipata wapi, funguo za kabati ninazo mimi? Mke wangu. Usiku alichomoa ule wa kabati kwenye suruali yangu, akampa mdogo wake.

Shemeji akavivua, akavivaa upya taratibu. Akaviringisha, akavuta sikio, akashikilia. Mkaguzi akasimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida. Akageuka. Mkaguzi akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa: kelele ya mashine ipungue, binadamu asikike.

Nilikuwa bado naweza kuokoa jahazi. Nikampungia dereva wa foklifti.

Sauti ile siwezi kuiandika. Meneja aliangusha karatasi na miwani. Mkaguzi alishika masikio kwa mikono miwili. Kipima kelele cha Muuguzi kilipanda kikafika mwisho wa namba zake. Vioo viwili vya dirisha la ghorofani vilipasuka. Dirisha langu.

Meneja ametangaza saa hiyo hiyo, kwa kupiga kelele, maana hakuna aliyekuwa anasikia vizuri. Msimamizi wa Usalama ni Muuguzi. Niliwaona wakipiga makofi. Shemeji alipiga kwa nguvu kuliko wote, halafu akaniona, akapunguza.

Nilirudi stoo nikafunga mlango. Nilitaka cheo kile. Nilikitaka mno. Nimelia kidogo nyuma ya makasha ya misumari ya bati, na sioni aibu kuandika, shajara hii haina msomaji.

Jumatatu, 10 Juni

Amri ya kwanza ya Msimamizi mpya: kila mtu apimwe masikio. Na kaanza na nani? Na mimi! Anasema stoo imepakana na mashine nambari moja, na ukuta wenyewe ni wa matofali membamba, na mimi nimekaa hapo miaka kumi na minne bila kizibo. Visasi hivyo, nikajua.

Amenikalisha kwenye chumba kidogo cha zahanati, akanivika mashine ya masikio, akasema nikisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, ninyooshe mkono. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Nilidhani hajawasha. Nikatazama dirishani, ua wa nyuma, kamba ya nguo, shuka za zahanati zinapepea. Mwishowe nikamuuliza anaanza lini. Akasema amemaliza.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Alivuta kiti karibu, upande wa kulia, akasema polepole, kaka yangu, sikio la kushoto limepoteza milio yote ya juu, na la kulia linafuata. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda, kama nitakubali kuvaa vizibo humo stoo kuanzia leo. Akauliza kama nyumbani mke wangu hunisemesha nisisikie. Nikamwambia nyumbani hunisemesha sana, nani atasikia yote? Akaniviringishia jozi ndogo mwenyewe, akanivuta sikio, akashikilia mpaka thelathini. Kimya kikaingia. Nilikuwa nimesahau kwamba kimya kipo. Nikasema asante, nikatoka haraka.

Njia nzima nimeyafikiri maneno yake. Siyo mtu mbaya, yule. Kipimo chake ndicho kibovu. Nimekaa pale dakika kumi nzima na milio yenyewe haikutoka! Mashine gani hiyo ya kupima watu kwa minong'ono? Karakana nzima itafeli, na watu wana familia.

Nimeshaandika oda. Funguo na kitabu cha kuagizia bado ninavyo mimi. Nimeagiza mashine mpya ya kupimia masikio, na kwa herufi kubwa nimeeleza: iwe na sauti kubwa kuliko zote walizonazo. Kwa mashine hiyo hakuna atakayefeli. Hata mimi.