Mdudu Niliyemtafuta kwenye Sanduku la Mama Mkwe

Jamani, leo heshima yangu imekwisha. Nimeimaliza mwenyewe, kwa mikono yangu, kabla hata ya chai.

Nimeamka upande wa kushoto wa paji la uso unawaka moto. Kujitazama kwenye kioo: malengelenge yametoka kwenye nywele mpaka kwenye ukope, na jicho limevimba. Nikajua papo hapo. Ni yule mdudu wa kwetu, mwembamba, mwekundu na mweusi, ukimponda anakuunguza ngozi. (Ndiyo, ni Januari. Ndiyo, nje kuna theluji ya magotini.) Mdudu kafikaje huku ughaibuni, Parkdale? Mama mkwe ameingia juzi kutoka Bungoma, sanduku limejaa unga wa wimbi na majani ya chai. Kesi imekwisha.

Mke wangu alikuwa kazini. Mama mkwe nilimsikia bafuni, maji yakimwagika. Kumwambia kwamba ameniletea mdudu, siwezi. Kwetu mkwe hata mkono hapewi. Nikaona bora nimkamate mdudu kimyakimya. Nikaingia chumbani kwake na tochi ya simu, jicho moja limefumba, nikaanza kupekua. Nikavuta kitambaa cheupe, nikakikung'uta, nikakiinua kwenye mwanga.

Petikoti.

"Baba Nekesa," sauti ikatoka mlangoni, taratibu. "Unatafuta nini humo?"

"Mdudu, mama."

Akawasha taa. Kisha akaniona uso. "Weka hiyo nguo chini, uvae koti. Jicho hilo si la kungoja."

Kliniki, daktari akauliza mimi mwenyewe nadhani ni nini. Nikamweleza yote, mdudu na sanduku, kwa Kiingereza cha haraka ili mama asielewe. (Mama amestaafu ualimu. Alikuwa akifundisha Kiingereza.)

Daktari akajiuma mdomo. "Huu ni mkanda wa jeshi. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Vilibaki vimejificha mwilini mwako."

"Mwilini mwake," mama akarudia, kwa Kiingereza safi kabisa. "Si kwenye sanduku langu."

Mchana huohuo nikapelekwa kwa daktari wa macho, maana virusi vikiingia ndani ya jicho naweza kupofuka. Hapo niliogopa kweli. Nikajikuta nimeushika mkono wa mama mkwe, naye hakuutoa. Jicho halijaguswa, nashukuru, na nimeanzishiwa vidonge vya kuzuia virusi mapema.

Sasa niko sebuleni nimetulia, nimeambiwa nitapona. Ila nimepita mlangoni kwake sasa hivi, na sanduku lina kufuli.