Kiyoyozi Kiko Njiani

Redio, kinyozi mwenye simu isiyolala, hakungoja hata chai ya kijiweni ipoe.

"Sikieni! Mkurugenzi wa hospitali yetu kapewa gari la umeme. Wataalamu wanasema ukienda polepole fungua vioo, unaokoa betri. Ukienda mbio funga, washa kiyoyozi, maana upepo ukiingia unalivuta gari nyuma."

"Ndiyo maana mume wangu na baiskeli yake hafiki nyumbani mapema!" Mama Chai alicheka, birika mkononi. "Kumbe ni upepo wa shati!"

"Usicheke, dada. Sayansi hiyo."

"Sayansi!" Msumari, fundi viatu, alikigonga kisigino kama kimemtukana. "Hospitali ile ina sayansi yake. Madirisha ya wodi ya wazazi waliyapigilia mbao, eti kiyoyozi kinakuja, baridi isitoroke. Kiyoyozi chenyewe hamna. Mke wangu kaingia mle kwa miguu yake, katoka kafunikwa shuka. Kila nikiuliza, 'Vumilia mzee, kiyoyozi kiko njiani.' Na sasa binti yangu kalazwa mlemle, anangoja kujifungua. Alfajiri nimekwenda na koleo la kung'olea misumari, mlinzi kanitimua. Mbao ni mali ya umma! Niking'oa bila amri ya mkurugenzi, nalala ndani."

 Redio akakohoa.

"Labda hicho kiyoyozi kinakuja na vioo wazi, polepole, kisimalize betri."

Hakuna aliyecheka, kwani gari jeupe lilikuwa limeingia bila mlio, taa zikapepesa, likafia palepale mbele ya kijiwe. Dereva akashuka anajifuta shingo.

"Vipi kaka, limesinzia?" Redio akauliza.

"Chaji imekata. Bosi, huyo mle nyuma, alikuwa mkutanoni asubuhi nzima, kaniamuru niache kiyoyozi kikiwaka kwenye gari tupu, akirudi akute ubaridi wake."

"Mkutano wa nini?"

"Wa kubana matumizi ya umeme."

Mama Chai akaweka birika chini, akajishika mbavu. Dereva akatokomea kutafuta gari la kuwavuta.

Jua likalikalia gari lile kama kuku anayeatamia. Punde, nyuma ya kioo cheusi, kiganja kikaanza kupiga. Vioo havishuki bila umeme.

"Si afungue mlango?" Redio akashangaa.

"Ataufunguaje?" akasema Msumari. "Tangu apate cheo, huyo hajashika kitasa."

"Jamani, mfungulieni, ataiva mle!" Mama Chai akasihi.

Msumari akainuka taratibu, koleo mkononi. Kiganja kile kilimkumbusha kingine, chembamba, cha mkewe, kilichokuwa kikigonga mbao kutoka ndani siku ile ya mwisho, naye amesimama nje na chupa ya uji. Akainama kwenye kioo.

"Mheshimiwa! Zile mbao za wodi ya wazazi, ning'oe?"

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa mpaka miwani ikamdondoka.

"Sikusikii. Sema kwa sauti, hapa nina mashahidi."

"Msumari, wewe mtu mbaya!" Mama Chai alimaka.

"Ng'oa!" sauti ikapenya kioo. "Ng'oa! Ng'oa hata paa!"

"Nimerekodi!" Redio akapunga simu.

Msumari akavuta kitasa mara moja tu. Mkurugenzi akatoka kichwa kwanza, tai begani, akavuta hewa kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kisha akadondokea benchini.

"Mama Chai, mpe maji. Redio, beba nyundo. Simu isiishe chaji, mlinzi yule haamini maneno matupu."

Wakaanza kuondoka, na wengine wa kijiweni wakawafuata. Mkurugenzi akabaki anajipepea kwa hotuba yake ya asubuhi.

"Na mimi je, mzee? Mnaniacha kwenye jua hili?"

Msumari hakugeuka.

"Vumilia, mheshimiwa. Kiyoyozi kiko njiani."