Herufi ya Kwanza ya Bango Langu

Jumatatu, 3 Agosti
Jirani Chelladurai katundikiwa bango njia panda ya stendi. Refu kuliko nyumba yake! Kavaa miwani ya jua, kulia simba, kushoto tembo, chini safu nzima za marafiki wanaomtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Mji wetu wote wa Tenkasi umeliona. Mimi Jumamosi natimiza miaka hamsini. Mwaka jana walionikumbuka ni benki peke yao.

Mpango: bango langu mwenyewe, kutoka kwa Umoja wa Marafiki wa Esakkimuthu. Umoja nimeuanzisha leo asubuhi. Mwanachama ni mimi.

Jumanne, 4 Agosti
Nilifundisha taipu ya Kitamil maisha yangu yote, mpaka chuo kikafungwa. Nikaingia duka la intaneti kifua mbele. Aibu. Nabonyeza "ka", inatoka "ya". Vidole vyangu vinajua mashine ya taipu, kibodi ina mpangilio wake. Irabu "e", ambayo kwetu huandikwa mbele ya herufi yake, ikakataa kusogea, ikabaki peke yake kando ya kiduara kitupu. Niliionea huruma. Maneno mawili, "pirantha naal", siku ya kuzaliwa, yamekula asubuhi nzima. Nikayavisha fonti yenye maua. Chelladurai hana fonti yenye maua.

Halafu majina ya marafiki. Nikaandika manne, nikakwama. Nikamwongeza msoma mita ya umeme. Nikamwongeza na daktari wa meno. Dada Papathi wa Sivakasi sikumwandika. Hatusemeshani tangu mazishi ya mama, tulipogombania jiwe lake la kusagia viungo. Jiwe ninalo mimi. Sijawahi kusaga kitu.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimepeleka flashi kwa Velayutham, mchapa mabango. Mtu hawezi kuonekana anajiagizia bango lake mwenyewe, kwa hiyo niliingia na kofia ya pikipiki kichwani, nikaongea kwa pua. Nikasema nimetumwa na marafiki. Picha niliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, nimenuna. Akaitazama sana. Akauliza huyu bwana alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mtu mwema, hana mfano mjini hapa. Akatikisa kichwa, akasema watu wema ndivyo walivyo. Nimempenda, ana adabu.

Ijumaa, 7 Agosti
Velayutham kapiga simu. Fonti ya maua hana, na aliyonayo imegeuza herufi ya kwanza kuwa kisanduku kitupu. Anataka kujua ni neno gani. Na mimi siwezi kulitaja! Chelladurai kaegemea ukuta wa uani, masikio yamemsimama. Mkewe anasaga unga wa dosai, chapati zetu za mchele, kwa mashine inayonguruma kama lori. Velayutham akataja neno yeye. Nilisikia "rantha naal". Nikajibu hilohilo, na asinisumbue tena.

Chelladurai akauliza ni nani huyo. Nikasema marafiki, hawaniachi nipumue. Akacheka. "Marafiki gani, bwana? Wewe hata mbwa wa mtaa hakubwekei." Kesho atanyamaza.

Jumamosi, 8 Agosti
Bango lipo. Kwa mbali nikauona uso wangu, mkubwa, juu ya watu wote, machozi yakanilenga. Nikasogea. Nikasoma. Velayutham kajaza kisanduku kwa herufi isiyo yake. Kwa Kitamil "pirantha" ni kuzaliwa, "irantha" ni kufa, na kinachoyatenganisha ni hiyo herufi ya kwanza. Siku ya kufa! Kaongeza na jicho linalodondosha chozi. Chini marafiki zangu wote wananililia, daktari wa meno akiwemo.

Nikakimbilia nyumbani. Wa kwanza kubisha hodi ni Chelladurai, shada la maua mkononi, macho mekundu. Alidhani nimekufa usiku, maana kwangu kimya cha jana na cha leo ni kilekile. Aliponiona akakaa chini kwenye ngazi. Halafu akanitukana mpaka sauti ikamkauka. Kumbe alikuwa ameshampigia Dada.

Wakaja wanafunzi wangu wa zamani. Akaja msoma mita. Wakanitukana, wakacheka, wakanivisha mashada yao, maana yalishanunuliwa. Nyumba ya msiba haiwashi moto, kwa hiyo majirani walikuwa wamepika: wali, mchuzi wa dengu wa sambar, mboga tatu. Tukala. Nyumba yangu haijawahi kujaa hivi. Niseme ukweli, nilifurahi mno.

Jioni akashuka Dada Papathi, analia tangu getini, nywele zimemfumuka. Akanikuta na sahani. Akanipiga na mkoba. Akauliza kama nina akili timamu. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda.

Jumapili, 9 Agosti
Dada kaondoka na basi la asubuhi. Jana alisaga nazi kwenye jiwe la mama, wala hakulidai. Leo getini aliniambia, "Mjinga wewe. Ukinitaka si upige simu tu? Nitakuja." Akaniandikia namba yake kwenye karatasi.

Nyumba imenyamaza. Nimekaa na mashada, yameanza kunyauka. Upweke wa leo unauma kuliko wa juzi. Nikaishika ile karatasi, nikawaza. Simu ina nini? Mtu anapokea, anasema yuko mbioni, basi. Bango ndilo linaleta watu. Na siku ya kumi na sita ya msiba kwetu ndugu wote hukusanyika kula.

Natoka kwa Velayutham sasa hivi, kuagiza bango la pili, la siku hiyo ya kumi na sita. Safari hii sikuvaa kofia. Kompyuta siiamini tena, kwa hiyo herufi ya kwanza nimemwandikia kwa mkono, kubwa, ile ya "irantha", asije akabahatisha. Sikuwa na karatasi nyingine, nikaandika nyuma ya ile ya Dada. Nimemwachia.