Sauti Niliyoitoa Ujerumani

Ijumaa, 6 Juni 2025

Leo nimewamaliza! Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni natuma "Tano za Weldon" kwa grupu ya kanisa: vitu vitano vya mila na vya ajabu nilivyookota mtandaoni wiki hiyo. Watu mia mbili na kumi na wawili, kutoka Njoro hadi Longonot, wanangoja. (Wanne walijitoa wiki jana. Nimewasamehe.)

Shida ni Mzee Odongo. Karani mstaafu wa reli, miaka sabini na mbili, naye ameanzisha yake ya Alhamisi kwa grupu ya familia za reli. Hata mke wangu Jepkoech anaisoma. Ati Odongo huandika kila kitu amekitoa wapi. Nani huuliza chapati imetoka shamba gani?

Jana Odongo ametuma sauti ya kale, mama anamwimbia ng'ombe akimkamua. Sekunde hamsini. Mwanzoni Odongo mwenyewe anaeleza, kama anatangaza treni, kwamba baba yake aliirekodi kwa kaseti. Nikamkata Odongo, nikabakisha wimbo. Nikaandika: "Nimeipata kwenye hifadhi moja huko Ujerumani, baada ya utafiti wa wiki tatu." Utafiti ulikuwa wa dakika nne, nikiwa chooni. Makofi sitini na moja! Sijawahi. Jepkoech, ambaye yuko kwa grupu zote mbili, ameniangalia tu akaendelea kukata sukuma wiki.

Jumamosi, 7 Juni

Mama amepiga simu kutoka Molo alfajiri, analia. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni ile sauti niliyotuma jana kwa grupu. Anasema huyo ni Kogo, mama yake, nyanya yangu, aliyefariki 1984 kabla sijazaliwa. Hatuna hata picha yake moja.

Amemjua kwa kikohozi kidogo katikati ya wimbo, na kwa jina la ng'ombe, Chesamo. Chesamo alifiwa na ndama akakataa kutoa maziwa. Wakaijaza ngozi ya ndama nyasi, wakaisimamisha mbele yake ainuse, na Kogo akawa anaimba mpaka maziwa yashuke. Aliyekuwa akishikilia hiyo ngozi ni Mama, akiwa na miaka tisa.

Anauliza kama Wajerumani wana iliyobaki, kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu. Nimesema nitawaandikia. Ningesema nini?

Jumatatu, 9 Juni

Mambo yameharibika. Mama ametangaza kanisani, na akina mama wamewaombea Wajerumani. Zaidi ya hayo ametayarisha kibuyu cha mursik kwa ajili yao. Anasema mtu akikurudishia mtu wako nyumbani, humwachi na koo kavu. Sasa anataka kujua kama ndege hubeba maziwa ya mgando.

Nimekaa nikafikiria, nikapata dawa. Nimeandika barua kutoka kwa Dokta Klaus wa Hamburg. Anasikitika sana, kaseti iliungua kwa moto, hakuna kilichobaki, poleni. Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kesi imeisha.

Jumanne, 10 Juni

Haijaisha. Nimemsomea Mama barua kwa simu.  Akasema, "Basi amekufa mara ya pili." Akakata.

Jioni Jepkoech ameniambia Mama hakukamua leo. Amemwomba jirani. Mama! Hata siku tuliyomzika Baba alikamua kwanza. Mchana wote nimeshinda kwa cyber yangu nikijifanya natengeneza printa, na printa ilikuwa nzima. Nimejisikia vibaya, tena vibaya sana. Na kuna mtu mmoja tu mwenye hiyo kaseti.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwa Odongo, karibu na stesheni ya Nakuru. Mpango ulikuwa nijitambulishe kama mtafiti wa chuo kikuu. Nilivaa tai. Akanipa chai, akanisikiliza vizuri, halafu akasema ananijua, na ile ya Ujerumani alitumiwa tangu Ijumaa usiku.

Nikamwambia yote, hata Dokta Klaus. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alileta kaseti. Baba yake alikuwa mtu wa reli hapo Molo, na kwa lebo ameandika "Mama wa ng'ombe, 1972". Miaka hamsini na mitatu wameitunza bila kujua mwenye sauti.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Nikasema Tabutany. Akatafuta kalamu, akaniuliza herufi mara mbili, akaliandika jina polepole. Ameniomba kitu kimoja tu: kesho kutwa niandike ukweli. Nimeapa.

Alhamisi, 12 Juni

Molo. Odongo amebeba redio ya kaseti mapajani njia nzima, ameifunga taulo. Mama amempa mursik ya Wajerumani, naye amekunywa mpaka tone la mwisho.

Kabla ya kuwasha, Mama akasema, "Weldon, weka simu kando. Leo tusikilize tu."

Nikaiweka. Niliiegemeza kwa bakuli la sukari, kamera ikiangalia vizuri. Mtu hawezi kuacha kitu kama hicho kipite.

Dakika sita. Kwato, maziwa yakigonga chombo, wimbo. Kisha wimbo ukakoma, na Kogo akasema kwa Kikalenjin, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Linah, inua kidogo, aione."

Linah ni Mama. Akainua mikono yote miwili, hapo kwa kiti, kama bado ameshika ile ngozi. Ana miaka sitini na miwili. Akajibu, "Ndiyo, Mama."

Odongo akavua miwani. Mimi pia nililia, sikatai.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeandika ukweli, karibu wote. "Kaseti kwa hisani ya rafiki wa reli." Jina lake halikutosha kwa mstari. Namba moja wiki hii: "Asikia Sauti ya Mama Yake Baada ya Miaka 41. Video na Weldon." Odongo hana kitu kama hiki. Hatakuwa nacho.

Nilipoitazama kabla ya kutuma, nikaona kitu. Katikati ya wimbo Mama anageuka, anaangalia moja kwa moja kwenye simu. Hashangai. Ananiangalia tu, kama anangoja niinuke niizime. Anangoja sekunde nne nzima. Halafu anarudi kuisikiliza sauti ya mama yake.

Hizo sekunde nne nimezikata. Saa kumi na mbili kamili nimetuma.