Rungu la Mkurugenzi na Mtambo wa Ganze

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kilifi na Malindi, wa mjini na wa shamba, wanaosikia na wanaojifanya hawasikii, kwamba Kamati ya Kutengeneza Mitambo kwa Mbali ilitimiza wajibu wake kwa ufanisi mkubwa tangu siku ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Inatangazwa pia kwamba maneno yanayozungumzwa sokoni kuhusu Bwana Mkurugenzi na mkono wake ni ya kweli, lakini hayana kibali.

Nayaandika haya mimi, Nahashon, Katibu wa Kamati. Kwetu ni Murang'a, ila nimekaa Kilifi miaka kumi na minane, na Kiswahili nimekila pamoja na mahamri hadi ulimi ukanyooka. Wapo wanaosema naipendelea ofisi yangu. Naam, naipendelea, na wangekuwa nayo wao wangeipendelea pia.

Mtambo wenyewe aliuunda Mzee Fumo wa Malindi, fundi wa simu aliyestaafu. Mzee huyu ni mtu wa redio za ridhaa, yaani wale watu wanaozungumza na ulimwengu mzima kwa mapenzi tu, bila mshahara wala marupurupu. Aliujenga juu ya kilima kule Ganze ili sauti ifike mbali. Na kwa kuwa magoti yake hayapendi vilima, akauunganisha na waya wa simu, akawa anauendesha akiwa kitini nyumbani kwake. Akizungusha tarakimu moja kwenye simu, mtambo unaamka. Akizungusha tatu, eriali inageuka. Kisha akampa Nesi Easter wa zahanati ya Ganze redio ndogo ya betri ya gari, ili maji yakiisha aite lori la maji la serikali. Nesi alikuwa akiita, lori likawa linakwenda.

Hali hii iliendelea hadi mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, ofisi yetu ilipogundua kwamba kuna kitu kinafanya kazi bila sisi. Jamani, hatari iliyoje! Bwana Mahadhi, Mkurugenzi wetu wa Mawasiliano ya Mbali na Karibu, aliutwaa mtambo siku ile ile kwa manufaa ya umma. Waya ukaletwa ofisini kwake Kilifi. Mzee Fumo akateuliwa Mshauri wa Mambo ya Kilimani, cheo kisicho na kiti.

Mzee alikuja mwenyewe kukabidhi redio ya ofisini na kipaza sauti chake. Kilikuwa cha mezani, chenye kitako kipana na ulimi wa chuma kwa mbele.

"Ukiukandamiza ulimi huu," alieleza, "wasema wewe, na kila mwenye redio akusikia. Ukiuachilia, wawasikia wenzio. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani."

Aliyasema haya mara tatu. Bwana Mkurugenzi hakuyasikiliza, kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kuweka rungu lake. Lilikuwa rungu la mpingo, zito, lenye pete ya fedha shingoni, alilojinunulia siku alipopandishwa cheo. Akaona ule ulimi wa chuma umelala vizuri, na kitako kina kishimo nyuma yake. Akalilaza pale. Likatulia utadhani limezaliwa hapo.

"Wazungu hawa," akasema kwa furaha, "wamefikiria hata kilalio cha rungu!"

Jioni ile ile ukatoka Waraka Namba Nne, nami ndiye niliyeupiga chapa. Rungu la Mkurugenzi litawekwa mahali pake aingiapo ofisini na kuondolewa na yeye mwenyewe atokapo. Halitawekwa mahali pengine popote. Afisa yeyote wa chini atakayeligusa atachukuliwa hatua. Ukafuata Waraka Namba Tano: amri yoyote ya Mkurugenzi itakayotoka redioni itatekelezwa papo hapo bila maswali, kwani maswali huziba hewa.

Kesho yake mtambo ukanyamaza. Hatukusikia Ganze, hatukusikia dereva wa lori la maji, hatukusikia hata mkwaruzo. Bwana Mkurugenzi akaunda Kamati, watu watano, chai mara mbili kwa siku.

Ilipendekezwa na mjumbe mmoja, kijana wa kazi lakini mchanga wa busara, kwamba achukuliwe mtu, apande Landrova, aende Ganze akautazame mtambo. Ni mwendo wa saa mbili tu. Bwana Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Mtambo huu unaendeshwa kwa mbali," akasema. "Tukiukaribia, utakuwa bado wa mbali?"

Mjumbe akakiri kwamba hautakuwa. Tukaamua hitilafu itatengenezwa kwa mbali, kwa kuzingatia heshima ya mtambo.

Tukafanya kazi, msituone hivi. Tulizungusha tatu, eriali ikaelekea Rabai. Kimya. Tukaigeuza Kuruwitu. Kimya. Tukaizungusha mfululizo siku nzima, wachoma makaa wa Ganze wakadhani serikali inapima upepo. Siku ya sita nilituma barua kwa rejista: "Kwa Mtambo, Kilimani, Ganze. Unatakiwa kueleza katika siku saba kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu kwa kunyamaza kazini." Siku saba zikapita. Mtambo haukujibu, na utovu huo wa adabu tukauandika katika faili lake.

Sasa nimtaje Harusi, mama anayefagia ofisi. Huingia saa moja unusu asubuhi, kabla ya wakubwa. Siku ya nane alinisubiri mlangoni na ufagio mkononi.

"Bwana Karani, hujambo? Ile redio yasema."

"Haisemi, Harusi. Imethibitishwa na Kamati."

"Yasema kila asubuhi, nikifagia. Nesi Easter aita, 'Kilifi, Kilifi, pipa limebaki moja na nusu, leteni maji.' Akija bwana mkubwa tu, yanyamaza."

Nilimweleza kwa upole kwamba katika orodha ya kazi zake kuna kufagia, kupangusa na kumwaga takataka. Kusikia hakumo. Akaushika ule ufagio kwa mikono miwili.

"Mwanangu wa kwanza yuko pale zahanati. Mimba yamfikia mwisho wiki hii au ijayo. Atazalishwa kwa nini, kwa mate? Mie nina uchungu, Bwana Karani! Usinisomee karatasi."

Nilimpa fomu ya malalamiko. Kwa kuwa hakujua kuandika, nikamwambia kwa nia njema aiweke hadi atakapojua. Usiku ule sikulala sawasawa, nadhani ni mbaazi.

Siku ya tisa Mzee Fumo akafika kutoka Malindi, kanzu imejaa vumbi la basi, daftari kwapani. Bwana Mahadhi ni mtoto wa Malindi, adabu anayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jana saa nne na dakika kumi ulisema mahamri ya hapa hayana iliki. Saa tano kasorobo ukasema mkubwa wako wa Mombasa ana kichwa cha nazi. Saa sita ukasema lori la maji lisiende popote ila kwenye nyumba unayojenga Mnarani, mafundi wachanganyie saruji. Yote nimeyaandika. Sheria yatutaka watu wa ridhaa tuandike kila tunachosikia, na saa yake."

Tulipigwa na butwaa sote watano.

"Nani kakwambia?" Bwana Mkurugenzi akanong'ona.

"Wewe, kwa kinywa chako. Mtambo hausikii kwa kuwa unasema. Ondoa hilo rungu, mwanangu."

Nilinukuu katika kumbukumbu kama ifuatavyo: Mshauri wa Mambo ya Kilimani alitoa maoni yasiyohusu kilima. Bwana Mkurugenzi alimshukuru, akamwombea dua za umri mrefu, akamfungulia mlango. Akaufunga kwa ufunguo na kutugeukia akitokwa jasho.

"Humu ndani," alisema, "kuna msaliti anayevujisha siri."

Ikaundwa papo hapo Kamati Ndogo ya Uvujaji, watu wale wale. Tuliziba madirisha. Tuliangalia chini ya zulia. Iliamuliwa kwamba kuanzia sasa wajumbe wasiseme kwa sauti, bali wasogeze viti hadi meza ya Mkurugenzi, wakutanishe vichwa pale penye rungu, na wanong'one. Tukafanya hivyo siku tisa. La ajabu ni kwamba siri zilizidi kuvuja, tena sasa, nasikia, zilikuwa zinafika safi zaidi.

Nikienda sokoni wauza samaki waliniuliza kama mjumbe wa tatu amepona kuhara. Kahindi, dereva wa lori la maji, alianza kumwita Bwana Mkurugenzi "Bwana Saruji", akiwa peke yake. Lori lake lina redio, naye anaisikiliza kutwa pale Mnarani, mpira wa maji mkononi. Tuliyaona haya yote kuwa ushahidi kwamba msaliti ana marafiki wengi.

Siku ya kumi na tisa, Jumatatu, ikaingia simu ya maandishi kutoka Nairobi. Wakubwa walitaka kujua, kabla ya saa sita mchana, kama zahanati ya Ganze inapelekewa maji.

Harusi alikuwa koridoni akipangusa. Asubuhi ile alikuwa ameniambia kwamba pipa lile la mwisho limeisha, na kwamba mwanawe ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alipangusa mlango ule ule mmoja kwa saa nzima, nami nikaona vyema nipitie mlango wa nyuma.

"Vichwa, tafadhali," Bwana Mkurugenzi akatuita. Tukavikutanisha. "Nahashon, andika ripoti. Andika kwamba tunapeleka."

"Tunapeleka, bwana?"

"Si lazima iwe kweli, ni ripoti." Akajinyoosha, akapata ile sauti yake ya jukwaani, akasahau kunong'ona. "Andika hivi. Mimi, Mahadhi, Mkurugenzi, leo saa nne asubuhi, namwamuru dereva Kahindi aache kila kazi aliyo nayo, ajaze lori, apeleke maji zahanati ya Ganze mara moja. Na kila Jumatatu afanye vivyo hivyo mpaka mvua inyeshe, asimsikilize mtu yeyote atakayemwambia vingine, hata awe mimi mwenyewe."

Tulimpigia makofi. Ile "hata awe mimi mwenyewe" ilinitoa machozi, nikaipigia mstari. Ripoti ikapigwa chapa, ikatiwa muhuri, ikatumwa Nairobi saa tano kamili, na Kamati ikaenda kunywa chai.

Saa saba unusu mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa Mnarani, amejaa saruji hadi nyusi.

"Bwana, lori limetuacha! Zege limekauka ndani ya karai, sepetu imekwama humo humo. Kahindi katia gia saa nne na dakika mbili, kasema ameamriwa na wewe kwa redio."

"Mimi?" Bwana Mkurugenzi akaruka. "Mimi nimeamuru?"

"Asema umetaja hata jina lako. Na ukasema asikusikilize ukibadilisha."

Naapa sijapata kumwona mtu akibadilika rangi namna ile. "Mwizi!" akapiga kelele. "Muasi! Ntamfukuza! Ntamfunga!" Na ili kuipigia meza pigo la mwisho, akalinyakua rungu lake, akalinyanyua juu kabisa.

Redio ikasema.

"...asante sana, Kilifi," ilikuwa sauti ya Nesi Easter, wazi kana kwamba yu chumbani. "Lori limefika salama, mapipa yote yamejaa. Mungu amlipe Bwana Mkurugenzi kwa amri yake. Na kama yuko mtu karibu na mama Harusi..."

Bwana Mkurugenzi, kwa mshtuko, akalirudisha rungu mahali pake. Redio ikanyamaza. Akalinyanyua.

"...narudia, mama Harusi..."

Akalishusha. Kimya. Akalitazama rungu, akautazama ule ulimi wa chuma, akanitazama mimi, nami nikatazama Waraka Namba Nne ukutani. Nilimsikia akihesabu siku kwa midomo: siku kumi na tisa, kichwa cha nazi, saruji, kuhara. Akakaa kitini.

Hakuweza kusema amri si yake, maana ilikuwa Nairobi ikiwa na muhuri wake, na Malindi ikiwa katika daftari la Mzee Fumo, na saa yake.

Harusi aliingia. Hakubisha, hakuvua kitambaa cha kupangusia begani. Akasimama mbele ya meza.

"Nyanyua," alisema.

"Harusi, unajua unazungumza na nani?"

"Nazungumza na aliyeshika rungu. Nyanyua, baba, nimsikie mwanangu."

Bwana Mkurugenzi aliangaza macho huku na huku akitafuta mahali pa kuliweka. Mezani hapakuruhusiwa, sakafuni hapakuruhusiwa, na kumpa mtu mwingine ilikuwa kosa la nidhamu. Yote hayo alikuwa ameyatia sahihi mwenyewe. Akasimama, akalinyanyua.

"...mama Harusi, umepata mjukuu, msichana, kazaliwa saa saba na robo. Mama yake mzima. Tumemwogesha maji tele, sasa amelala."

Harusi akaketi, kwenye kiti cha Mkurugenzi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Akajifunika uso kwa kile kitambaa, akalia kwa sauti, na mimi, Katibu, nilijikuta nalia naye bila ya idhini ya mtu.

Nesi akasema wapo watu wamejipanga uani pa zahanati, wamengoja siku kumi na tisa kuzungumza na Kilifi na kila mmoja ana neno lake. Akaanza mzee mmoja, kuhusu barabara. Akafuata mwalimu. Akafuata mama mmoja aliyetaka kujua, pamoja na mengine, kama yale mahamri siku hizi yanatiwa iliki. Dakika ya ishirini, mkono wa Bwana Mkurugenzi ukaanza kuchoka, rungu likashuka kidogo.

"Usishushe," Harusi akamwambia, akijifuta macho. "Ganze bado hawajamaliza."