Gari la Betri Lililobeba Jeneza

Leo nimeaibika mbele ya maiti. Na mbele ya walio hai pia, lakini hao nimewazoea.

Jamaa zangu wa Busia, barua hii anaileta mwendesha baiskeli mmoja wa hapo mpakani. Isomeni wenyewe. Msimsomee mwenye hoteli (atanicheka mpaka Krismasi).

Mnajua nilipata kazi Tororo kwa Bwana Okumu, mwenye kinu cha mahindi. Kazi ya majaribio, siku saba, kuendesha gari dogo la umeme alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Mbele lina viti viwili, nyuma liko wazi kama pikapu. Halina petroli, halina plagi, halina kabureta wala radieta. Chini ya kiti kuna betri sita za volti sita, zimefungwa moja kwa nyingine, jumla volti thelathini na sita. Nyuma kuna mota moja, ukubwa wake kama mtungi wa maji. Ukikanyaga pedeli mota inazunguka, basi, umekwenda. Hakuna gia. Hakuna sauti. Nililipenda siku ile ile, nikalifungua lote kuona ndani kuna nini, nikalifunga tena. Misumari miwili ya skrubu ilibaki (nikaitia mfukoni).

Siku ya kwanza Bwana Okumu aliniuliza, "Kitabu chake kinasema hii gari inakwenda maili ngapi kabla ya kuchaji?"

Kitabu kinasema maili ishirini na tano. Nikasema arobaini. Alikuwa ameuliza kwa uso wa matumaini, na mimi nilitaka kazi. Kitabu pia kinasema barabara iwe tambarare, watu wawe wawili na betri ziwe mpya. Hayo sikuyataja kabisa.

Leo ilikuwa siku ya saba. Gari lisipoharibika mpaka jioni, kazi ni yangu, na chumba cha nyuma ya kinu ni changu. Chumba chenye mlango, ndugu zangu. Nyinyi mnajua nimelala wapi miaka hii miwili.

Asubuhi Bwana Okumu akaja amevaa koti jeusi. Shangazi yake, Mama Taaka, alifariki juzi hospitalini, na leo anazikwa kijijini Sikuda, kwa marehemu mumewe. Lori walilokodi limevunjika ekseli.

"Tutambeba na hii," akasema. "Mpaka Sikuda ni maili kumi na nane. Kumi na nane toa kwa arobaini, inabaki ngapi?"

"Ishirini na mbili, Bwana."

(Darasa la nne lilinitosha kwa hesabu hiyo. Hesabu ya kweli niliifanya kimya kimya, jasho likaanza.)

Jeneza lilikuwa la mvule, zito kama mlango wa benki. Likawekwa nyuma, futi moja ikatokeza nje. Kando yake wakapanda wawili kutoka nyumbani kwa marehemu: Mama Achieno, mke mwenza wake, na Mzee Ouma, shemeji yake. Bwana Okumu akakaa mbele nami. Nyuma yetu wakafuata waombolezaji kumi na wawili kwa baiskeli, wakiimba nyimbo za kanisani.

"Washa taa," Bwana Okumu akasema. "Ni msiba."

Taa zinakula betri zile zile. Niliwasha.

Maili kumi na tatu za kwanza macho yangu hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye mshale wa umeme. Kila mwinuko unashuka, kila tambarare unapanda nusu ya ulivyoshuka. Wa baiskeli walianza kutupita, ikabidi wapunguze mwendo kwa heshima. Kwenye mwinuko mmoja upande wa Mwello mshale ukaingia kwenye nyekundu, gari likatambaa, likasimama.

Gari la petroli likifa linakohoa, kila mtu anajua. Hili lilisimama tu, kimya, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilifungua kinywa niseme ni betri. Mzee Ouma akaniwahi.

"Shemeji amekataa," akasema.

Wimbo ukakatika. Watu wakashuka kwenye baiskeli. Mnaijua desturi: gari la maiti likisimama bila sababu, marehemu ana neno na mtu. Hapo ndipo ilinipasa kusema kuwa sababu ipo. Nilimtazama Bwana Okumu, nikakiona kile chumba, nikafunga kinywa.

Mama Achieno ndiye aliyeanza. Aliweka mkono juu ya jeneza.

"Mwenzangu, ni ile sufuria kubwa? Nilikuambia ilipotea sokoni. Haikupotea. Iko kwangu, chini ya kitanda. Nitawapa watoto wako leo hii. Twende, dada yangu."

Akalia. Tukasali. Zikapita kama dakika kumi na tano. Sasa sikilizeni: betri ya namna hii ikipumzika, inarudisha nguvu kidogo. Kitabu kinasema hivyo, kuna na picha. Nikakanyaga pedeli. Gari likaondoka.

"Amekubali," Mzee Ouma akasema.

Mimi nilitazama mbele kama mtu anayeijua sana barabara.

Maili mbili mbele, likasimama tena. Safari hii watu hawakuuliza. Wote walimgeukia Mzee Ouma.

"Mnanitazama nini?"

"Sufuria imekwisha semwa, mzee," Mama Achieno akamwambia. "Sema na wewe."

 Mzee akasema, chini sana, kwamba kaka yake alipofariki yeye aliihamisha mikonge ya mpaka, akaingia shamba la Mama Taaka hatua nne.

"Nne?" akauliza Mama Achieno.

"Kumi."

Bwana Okumu akaruka kutoka kwenye kiti. "Mzee, shamba la shangazi yangu? Mjane?"

"Mkwe, si nimesema? Mimi naongea na mwenyewe, siongei na wewe."

Waligombana nusu saa, jeneza katikati. Nitawaambieni ukweli, nilikuwa naomba wasiishiwe maneno. Kila tusi lilikuwa umeme. Mzee alipoapa mbele ya wote kuirudisha mikonge kesho, mshale ulikuwa umetoka kwenye nyekundu. Tukaenda karibu maili tatu. Watu wa baiskeli sasa walikuwa wakiliangalia gari kwa woga, na mmoja alipolipita alivua kofia.

Likasimama mara ya tatu mahali pabaya kuliko pote. Lango la nyumbani tunaliona. Wanaotungoja pale walituona tumesimama, wakaanza kuteremka kuja, kijiji kizima.

Bwana Okumu alitoa kitambaa, akajifuta uso. "Mimi sina neno na shangazi," akasema. Watu wakazidi kumtazama. Akashuka, akasimama kando ya jeneza.

"Shangazi. Mwaka jana ulikuja kinuni kwa miguu kutoka huku. Nilikuona dirishani. Nilikuwa na wageni wakubwa, na wewe ulikuwa na vumbi. Nikamtuma mtu akuambie nimesafiri." Akajifuta tena uso. "Ukaniachia kuku kwa huyo mtu, ukarudi."

Watu wakatazama chini. Mimi pia. Wakati ule ningetoa chumba, mlango na kinu chenyewe nisiwe pale.

Nikakanyaga. Gari halikwenda. Ilikuwa mapema mno.

"Bado mtu mmoja," Mzee Ouma akasema, akanigeukia. "Wewe, dereva. Umemkosea nini?"

"Mzee, mimi marehemu simjui."

"Yeye sasa anajua wote. Shuka."

Nikashuka. Mama Achieno akaushika mkono wangu, akauweka juu ya ubao. Ndugu zangu, mimi si mwoga sana, mnanijua. Lakini ubao ule ulikuwa wa baridi na jua liko kichwani.

"Mama," nikasema, "si wewe. Ni betri."

"Anadanganya mbele ya maiti," mtu mmoja akasema nyuma.

"Sidanganyi! Niliwahi kudanganya, sasa sidanganyi." Halafu ikatoka yote, sikuweza kuizuia. Kwamba kitabu kinasema ishirini na tano, si arobaini. Kwamba kitabu chenyewe cha Kiingereza nilikisoma kwa picha, mengine nikamwuliza mwalimu mmoja. Kwamba Jumanne niliposema waya umekatika haukukatika, nilisahau kuchaji. Kwamba kile kitufe ninachokizungusha kwenye kilima nikisema natia gia ni cha kufutia kioo. Kwamba ile chupa ya maji safi ya betri niliionja kujua ina ladha gani (haina), ikaniponyoka ikavunjika, nikajaza betri maji ya kisima. Ndiyo maana zimechoka mapema. Na misumari miwili nikaitoa mfukoni, nikaiweka juu ya jeneza.

Nilieleza muda mrefu. Kijiji kizima kilikuwa kimefika na kusikia. Nilipomaliza, bibi mmoja mzee akasema, "Maskini, na bado kijana."

"Panda," Mzee Ouma akaniamuru. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Likaondoka laini, likapanda, likaingia langoni.

"Ni betri," nikasema. "Imepumzika nilipokuwa naongea."

"Ndiyo, ndiyo," Mzee Ouma akasema, akinipigapiga begani. "Amekusamehe."

Ni mtu mmoja tu aliyeniamini. Baada ya mazishi Bwana Okumu alikuja nilipokuwa nimekaa kando ya gari.

"Ulijua ni betri tangu kule Mwello?"

"Ndiyo, Bwana."

"Maili kumi na tano za uongo ningekusamehe. Kila dereva anasifu gari yake." Alikuwa anaongea polepole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Lakini ulijua, ukaniacha niyaseme ya yule kuku mbele ya wakwe."

 Aliunyoosha mkono, nikampa ufunguo. Alipokuwa anaondoka nilimwona anapita karibu na kaburi, akasimama hapo kidogo, peke yake.

Sufuria imekwisha rudi kwa watoto wa marehemu. Mikonge, vijana hawakungoja kesho, wanaing'oa sasa hivi, Mzee Ouma mwenyewe anawaonyesha ilipokuwa zamani. Gari linangoja lori la kulivuta, maana Sikuda hakuna umeme. Mimi nakuja Busia kwa miguu. Niwekeeni nafasi yangu ya kulala pale barazani pa hoteli.

Na nikifika msicheke. Ila mtu akiwauliza chombo chenu kinafika wapi, mwambieni ukweli mapema, kabla maiti hajauliza.